Je, Kila Wema Una Faida ya Siri?

Mtu akimtendea mwenziwe mema, jirani hawakosi kunong'ona: "Anatafuta nini?" Swali hilo si la wajinga tu. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mwingereza, Thomas Hobbes, alimpa mzee maskini sadaka njiani. Kasisi mmoja akamwuliza kama angalitoa pasipo amri ya Kristo. Hobbes akajibu kwamba angalitoa, maana taabu ya mzee ilimwumiza yeye mwenyewe, na sadaka ile iliwapunguzia wote wawili maumivu.

Jibu hilo ni la werevu. Likiwa kweli, muuguzi na mwizi wametofautiana njia tu. Kila mmoja ajitafutia raha yake. Lakini tuulize: kwa nini Hobbes aliumia? Asiyemjali mzee hupita bila kuumia, wala haoni raha yo yote akitoa. Basi raha ya kutoa humjia yule aliyekwisha kumtakia mwenziwe mema. Mapenzi yalitangulia, raha ikafuata.

Mwaka 1981 mtaalamu wa saikolojia Daniel Batson na wenzake, huko Kansas, Marekani, walichapisha habari za jaribio juu ya jambo hili. Wanafunzi walimtazama msichana aliyeonekana kupigwa na umeme mara kwa mara. (Mateso yale yalikuwa ya kuigiza, lakini wao hawakujua.) Wengine waliruhusiwa kuondoka baada ya kuona mapigo mawili, wengine walitakiwa kutazama mpaka mwisho. Kama twatafuta kutuliza maumivu yetu tu, aliyeruhusiwa angeondoka: kutoona ni dawa rahisi kuliko kupigwa. Na kweli, wale wasiomhurumia sana wengi wao waliondoka. Lakini waliomhurumia, karibu wote walikubali kushika nafasi yake, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Kwetu Kongo jaribio kali zaidi lilikuja bila kutayarishwa na mtaalamu. Mwaka 1995, nchi ikiitwa bado Zaire, Ebola iliingia Kikwit. Waliugua watu 315, wakafa kama 250. Katika wagonjwa hao, 80 hivi walikuwa waganga, wauguzi na watumishi wengine wa afya. Masista sita wa Poverelle wa Bergamo walikufa mmoja baada ya mwingine, Aprili na Mei. Wa mwisho, Sista Vitarosa Zorza, alikuwa ametoka Kinshasa kwenda Kikwit kuwasaidia wenzake.

Hapo mbishi atasema: masista walitazamia tuzo ya mbinguni! Mimi siamini kwamba mtu aweza kumwosha mgonjwa atapikaye damu, mchana na usiku, huku akihesabu tuzo. Lakini tuwaache masista. Tuwatazame watu wa Kikwit waliougua wakapona. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, waganga wa mji, pamoja na Daktari Mupapa, waliwatia wagonjwa wanane damu iliyotolewa na hao waliopona. Saba wakaishi. Wataalamu wengine hawakusadiki kwamba damu ndiyo iliyowaponya, nao wana haki kubisha. Ila waliotoa hawakungoja wataalamu wapatane. Wao walikuwa wamekwisha kupona. Damu ile haikuwa dawa yao tena.