Wataalamu, Wananchi na Usafiri Usiochafua Hewa

Katika madarasa ya siasa swali moja hurudi mara kwa mara: je, suala la usafiri usiochafua hewa linamhusu kada wa Chama, au ni kazi ya mainjinia peke yao? Makala haya yanakusudia kueleza kwamba suala hili ni la kiuchumi na la kisiasa, na kwamba ushirikiano wa wataalamu hupimwa kwa ujuzi unaobaki mikononi mwa wananchi baada ya wageni kuondoka.

I. Msingi wa suala

Injini ya dizeli hugeuza kiasi cha theluthi moja hadi asilimia 40 ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu iliyobaki hupotea kama joto. Moshi wake hutoa hewa ya ukaa inayoongeza joto la dunia, pamoja na masizi yanayodhuru mapafu ya watu wa mijini. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya nguvu yake kuwa mwendo.

Lakini kwetu kuna jambo la pili. Mafuta yote ya magari yanayotumika Tanzania huagizwa kutoka nje. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne, na Taifa lililokuwa limechagua Kujitegemea mwaka 1967 likalazimika kutumia fedha zake chache za kigeni kununua mafuta. Mwaka 2022 bei zilipopanda tena, nauli na bei za vyakula zilipanda nazo. Kwa hiyo kila safari inayohamishwa kutoka dizeli kwenda umeme wa maji yetu wenyewe inapunguza moshi na vilevile inapunguza utegemezi.

II. Somo la Reli ya Uhuru

Kushirikiana na wataalamu wa nje si jambo geni kwetu. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilipokataa kugharimia reli ya kwenda Zambia, mkataba na China ulitiwa sahihi Beijing mwaka 1967. Ujenzi ulianza 1970 na njia ya kilomita 1,860 ikakamilika 1975. Kanuni nane za misaada zilizotangazwa na Waziri Mkuu Zhou Enlai mwaka 1964 zilidai, pamoja na mengine, kwamba mtaalamu wa China ahakikishe mwenyeji ameumiliki ujuzi, na kwamba aishi kwa kiwango kile kile cha mtaalamu mwenyeji. Vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa China kusomea reli, na chuo kikajengwa Mpika.

Hata hivyo, nia njema haikutosha. Vichwa vya kwanza vya treni vilielemewa na mlima kati ya Mlimba na Makambako, na katika miaka ya 1980 ikabidi kununua vingine kutoka nchi za Magharibi. Tunajifunza hapa kwamba mtambo haujui urafiki. Unajua mlima, mvua na matunzo. Ujuzi wa mgeni hauna budi kukutana na ujuzi wa mahali.

III. Hali ya sasa

Ujenzi wa reli ya kisasa ulianza 2017, na mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Wajenzi walitoka Uturuki na Ureno, treni zikatoka Korea Kusini. Treni hupokea umeme wa volti 25,000 kutoka waya wa juu, kwenye gridi ya Taifa inayolishwa hasa na maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilijengwa na makampuni ya Misri. Ni dhahiri basi kwamba treni ni safi kwa kadiri umeme wake ulivyo safi, na kwamba mlinzi wa msitu unaohifadhi maji ya Rufiji naye ni mfanyakazi wa reli.

Mfano mwingine ni mabasi yaendayo haraka yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016. Mpango huo ulistahili sifa, kwa kuwa basi moja refu huchukua zaidi ya watu mia moja ambao wangejaza barabara kwa magari madogo. Lakini karakana iliwekwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, ambalo baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakazi wake walihamishiwa Mabwepande. Karakana ikafurika mara kadhaa. Mwenye kibanda bondeni alijua maji yanapopita.

IV. Makosa mawili na wajibu wetu

Kosa la kwanza ni kuabudu utaalamu: kudhani kwamba mchoro uliotoka nje hauulizwi. Kosa la pili ni kuudharau: kudhani kwamba hotuba na shangwe zitaendesha treni. Yote mawili huwaacha wananchi bila ujuzi.

Wajibu wa kada ni kuuliza mambo matatu kila mradi unapoletwa. Je, mkataba unataja idadi ya vijana watakaofundishwa kutengeneza mitambo hiyo, na kwa muda gani? Je, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa 1975, na vyuo vyetu vya ufundi vimeshirikishwa? Je, dereva wa daladala na kijana wa bodaboda, ambao riziki yao itaguswa, wamesikilizwa kabla ya uamuzi?

Mtaalamu mgeni ataondoka siku mkataba wake utakapokwisha. Siku hiyo waya ukikatika Kilosa, atakayepanda ngazi awe kijana wetu, na awe anajua anachokifanya.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza uhusiano kati ya usafiri wa umeme na siasa ya Kujitegemea.
2. Katika wilaya yako, ni mradi gani uliokwama kwa sababu wenyeji hawakuulizwa?