Mbegu Kwanza, Mkasi Baadaye

Ua la bustanini ni kiungo cha uzazi. Likishachavushwa, petali hunyauka kwa kuwa kazi yao ya kuwaita nyuki imekwisha, na sukari iliyotengenezwa majanini huelekezwa kwenye mbegu zinazojaa. Mbegu hizo changa hutoa homoni, oksini ikiwemo, na katika mimea mingi dalili hizo hupunguza kasi ya kuchanua upya. Hiyo ndiyo sababu ya kukata maua yaliyonyauka. Ukikata kikonyo kizima hadi juu kidogo ya jani zima, badala ya kunyofoa petali tu, umemwondoa mlaji mkubwa na chakula kinarudi kwenye machipukizi. Mkulima wa mchicha analijua jambo hili siku nyingi: akivunja vishada vya maua mapema, majani laini huendelea kuja, akiviacha, mchicha hukomaa, hukakamaa na msimu wake huisha. Mrihani nao ni vivyo hivyo.

Tatizo huja mwenye bustani anapotaka mbegu pia. Wengi hukata msimu mzima, kisha huacha maua ya mwisho, mkono ukishachoka, ndiyo yazae. Nashikilia kwamba huo ni mpango uliogeuzwa juu chini. Mtu anaweza kupinga, na kwa haki, kwamba ua la kwanza na la mwisho la mmea mmoja yana mama yuleyule, hivyo jeni za upande wake hazibadiliki. Ni kweli. Lakini mbegu hubeba pia akiba ya chakula, na mmea uliokwisha choka, wenye majani yaliyoshambuliwa na ukungu na wadudu, mara nyingi huijaza kwa shida. Zaidi ya hapo, maua ya mwisho huchaguliwa na bahati: yanatoka kwenye mmea wowote uliobaki na maua, wala si ule uliostahimili jua au uliochanua kwa rangi uliyoitaka. Pwani kuna hatari nyingine, kwani mbegu inayokomaa katikati ya masika huoza au huota ingali kwenye ganda. Mmea mama uchaguliwe mapema, uachwe bila kuguswa na mkasi, na mingine yote ikatwe kwa bidii.

Si kila mmea unahitaji mkasi. Impatiens walleriana, mzaliwa wa Afrika Mashariki anayepandwa leo katika bustani za dunia nzima, hudondosha maua yake mwenyewe; kwake kazi ni kuwahi ganda, maana likiiva hupasuka kwa kuguswa tu na mbegu kutawanyika. Mfuko mwembamba wa kitambaa ufungwe mapema.

Pingamizi zito zaidi ni la chotara. Mendel alionyesha mwaka 1866, kwa njegere za bustanini, kwamba sifa zilizofichika katika kizazi cha kwanza hujitokeza katika cha pili. Kwa hiyo mbegu za gerbera chotara ya dukani zitaleta mchanganyiko wa rangi na maumbo. Anayetaka nakala kamili agawe shina. Anayetaka uzao wa kuchagua upya, mchanganyiko huo ni hazina.

Hata mbegu bora huharibiwa na chupa yenye unyevu. Kanuni ya mtaalamu James Harrington inakadiria kuwa kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, au joto la ghala kwa nyuzi 5 za Selsiasi, maisha yake huongezeka maradufu. Benki ya mbegu ya Muguga, Kenya, hukausha kwanza ndipo igandishe. Nyumbani, anika kivulini mpaka mbegu ivunjike badala ya kupinda, tia katika chupa yenye mchele uliokaangwa mkavu na kupoa, funga, andika mwezi. Na kabla hujakata ua la kwanza la msimu ujao, funga uzi kwenye mmea unaotaka uurithi.