Sura anaijua, lakini walikutana wapi?

Mzee akimsalimu mtu sokoni bila kukumbuka walikojuana, jamaa wasiseme akili imemtoka. Umri unaposonga, uwezo wa kutambua sura hudumu kuliko kumbukumbu ya mahali na wakati, ambayo hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo.

Hatari iko kwenye dawa. Mgonjwa wa presha hukumbuka kumeza kidonge, ila hajui ni leo au jana, kisha akameza kingine. Heri atie alama kwenye kalenda kila anapomeza.

Lakini akipotea njia aliyoizoea, au akirudia swali lile lile kila mara, mpelekeni kwa daktari. Huenda chanzo ni upungufu wa vitamini B12 au matatizo ya tezi ya shingo, na hayo yana tiba.