Nguo ya kubana tumbo: nunua inayokutosha, si unayoitamani

Msimu wa harusi ukiingia, sisi mafundi wa nguo za kike hapa Mombasa huulizwa swali moja kuliko yote: "Fundi, ndani nivae nini ili gauni likae vizuri?" Mara nyingi anayeuliza huwa ameshanunua nguo ya ndani ya kubana, ile ambayo madukani huitwa bodi shepa na wengine huiita mkanda wa tumbo au koseti. Na mara nyingi ameinunua ndogo kuliko mwili wake, akiamini kwamba ikibana zaidi ndipo itakapofanya kazi zaidi.

Sivyo. Nguo hii ikiwa ndogo haifichi kitu, bali inaongeza. Nyama iliyobanwa tumboni lazima iende mahali, basi hutokeza juu chini ya sidiria, ikatokeza mgongoni, ikatokeza kwenye mapaja. Ukingo wa juu hujikunja kila ukikaa. Mvaaji usiku kucha yuko kuvuta na kushusha, na jasho linamtiririka. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Waliokaa naye meza moja wanamsifu gauni, naye anahesabu dakika za kurudi nyumbani.

Nimeona tulizungumze jambo hili waziwazi, kwa kuwa wanawake wengi wanaumia na wanaona haya kusema.

Inafanya nini hasa

Nguo ya kubana haipunguzi mwili. Inausogeza na kuulainisha ili nguo ya juu iteleze bila kushika. Ukiivua, mwili unarudi ulivyokuwa. Nguvu yake inatokana na uzi wa kunyumbuka uliobuniwa Marekani mwaka 1958 na mwanakemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Kwenye lebo utauona umeandikwa spandex, elastane au Lycra. Ni kitu kimoja kwa majina tofauti. Kwa kawaida, asilimia yake ikiwa kubwa nguo hubana zaidi. Kwa joto letu, tafuta kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na hakikisha sehemu ya katikati ya miguu ina kiraka cha pamba.

Wako wauzaji wanaotangaza kwenye simu kwamba mkanda utayeyusha mafuta ya tumbo. Mkanda wa mpira unakutoa jasho, na jasho ni maji. Ukinywa gilasi mbili za maji uzito unarudi. Mwenye nia ya kupunguza tumbo atazame sahani yake na miguu yake. Asimpe mtu pesa kwa ahadi hiyo.

Anza na tepu

Herufi za S, M na L usiziamini. Nguo zinazoingia kutoka Uchina na Uturuki hazilingani saizi, na L ya kiwanda kimoja yaweza kuwa M ya kingine. Amini inchi.

Simama wima, miguu pamoja, ukiwa na nguo nyepesi ya ndani tu. Pumua kawaida, kisha mtu akupime mahali patatu: kiunoni pale palipo pembamba, tumboni usawa wa kitovu, na kwenye nyonga palipojaa zaidi. Tumbo usilivute ndani. Kuna mteja wangu mmoja ambaye kila nikimpima thelathini na nane huniambia, "Fundi, andika thelathini na nne, nitapungua." Mimi humjibu, "Mama, gauni halisomi nilichoandika, linasoma mwili." Vipimo vya mwezi uliopita pia si vya leo, hasa kwa aliyetoka kujifungua au aliyetoka kuugua.

Linganisha inchi zako na jedwali la muuzaji. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Kama ni ile ya mwili mzima yenye mikanda ya mabega, uliza pia urefu. Mwanamke mrefu akivaa fupi, mabega yatakatwa na chini kutavutika hata kutembea kuwe tabu.

Kisha chagua kulingana na nguo ya juu. Gauni la satini lililoshika mwili linataka nguo ya ndani isiyo na lasi wala mishono minene, maana kila mshono utaonekana. Gauni lenye mpasuo halitaki ya mapaja marefu. Chini ya nguo nyeupe usivae nyeupe, itaonekana. Vaa rangi inayokaribia ngozi yako, na kwa wengi wetu hiyo ni kahawia. Na kama unavaa dira pana, dada yangu, sioni unambania nani. Dira lilishonwa lipite hewa, liache lifanye kazi yake.

Wanaonunua mitumba Kongowea na kwingineko wavute kitambaa kwa mikono miwili kisha wakiache. Kikirudi haraka bado kina uhai. Kikibaki kimelegea, hata kiwe rahisi vipi, umenunua kitambaa tu.

Ijaribu kabla ya siku yenyewe

Usiivae mara ya kwanza siku ya harusi. Ivae nyumbani saa moja au mbili, na ufanye yale utakayofanya ukumbini. Vuta pumzi ndefu mpaka kifua kijae. Kaa kitini dakika kumi, kisha kaa mkekani. Inama uokote kitu. Panda ngazi. Cheka kwa sauti. Anayeswali ajaribu kurukuu na kusujudu nayo. Vidole viwili vipite chini ya ukingo bila kulazimisha. Ukiivua, alama nyepesi zinazopotea baada ya muda mfupi si neno. Mistari mirefu iliyozama, ngozi iliyobadilika rangi, au ganzi ni dalili kwamba ni ndogo. Irudishe au umpe mwenye mwili wake.

Kuivaa nako kuna namna. Ngozi iwe kavu, isiwe na mafuta wala majimaji ya kuoga. Ikunje nusu, ingiza miguu kama suruali, panda nayo taratibu ukiilainisha kwa viganja. Kucha ndizo zinazotoboa. Ikiwa ina kulabu, anza na safu ya nje iliyolegea.

Siku ya ukumbini

Hapa ndipo madhara mengi hutokea. Kupamba kwetu huanza usiku na kuendelea saa nyingi, na ukumbi huwa umejaa. Kaskazi likiwa limeshika, miezi ya Januari hadi Machi, joto la Mombasa hupita nyuzi 30 na hewa ni nzito. Mwanamke aliyebanwa kifua na tumbo hapumui sawasawa. Ongeza njaa na kiu, kizunguzungu kiko mlangoni.

Kubaya zaidi ni hili: wapo wanaokataa maji tangu mchana ili wasiende msalani, kwa kuwa kuivua na kuivaa tena ni udhia. Mkojo unaozuiliwa saa nyingi, pamoja na mwili uliokaukiwa maji, hukaribisha maambukizi ya njia ya mkojo. Dawa ni kununua iliyo wazi chini au yenye kulabu chini, ili msalani usihitaji kuvua kila kitu. Kunywa maji, nenda msalani. Hakuna gauni linalostahili figo zako.

Chakula nacho. Biriani juu ya tumbo lililobanwa husukuma asidi juu, na ndiyo kiungulia kinachowasumbua wengi usiku baada ya karamu. Kula kidogo kidogo, au nenda chumbani ulegeze kulabu kabla ya kula. Saa chache zatosha. Ukirudi nyumbani, ivue. Usilale nayo.

Ukihisi kuchomachoma au ganzi upande wa nje wa paja, mshipa wa fahamu unaopita kwenye nyonga umebanwa. Ivue hapo hapo, usisubiri keki ikatwe.

Mkaja na mzazi

Kubana tumbo hakukuletwa na maduka. Bibi zetu walikuwa na mkaja, kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua. Heshima yake ilikuwa kubwa hata jina lake likaingia katika ada za harusi, akapewa mama wa bi harusi kwa kukumbuka alivyojifunga alipomzaa binti yake.

Mkaja uliofungwa vizuri una faida. Unashika mgongo na kumpa mzazi nguvu ya kusimama na kutembea. Lakini tusidanganyane kwamba ndio unaorudisha tumbo. Mfuko wa uzazi hujirudi wenyewe kwa muda wa wiki sita hivi, karibu sawa na arubaini yetu. Kinachomwumiza mzazi ni kufungwa kwa nguvu mpaka ashindwe kupumua. Nguvu ile ikikosa pa kwenda hushuka chini kwenye misuli ya nyonga, ambayo imetoka kufanya kazi nzito na bado ni dhaifu. Misuli ile ikizidi kulegea, mwanamke huvujwa na mkojo akikohoa au akicheka, na hilo ni jambo ambalo wengi hulibeba miaka bila kumwambia mtu.

Kwa hivyo nawaomba mashangazi, masomo na mama wakwe: mfungeni mzazi kwa kumshika, si kwa kumkaza. Muulize, "Mwanangu, unapumua vizuri?" na akisema hapana, legeza. Aliyejifungua kwa upasuaji asifungwe wala asivae chochote cha kubana mpaka daktari au mkunga aliyemhudumia aruhusu, na hata akiruhusiwa, mshono wa nguo usikae juu ya kidonda. Akiona damu inazidi, uzito unashuka chini, au kidonda kinatoa majimaji, avue na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye mimba asivae nguo ya kubana tumbo kabisa. Ipo mikanda maalumu inayobeba mimba kwa chini bila kuibana, na hiyo aulize kliniki. Wenye pumu, kiungulia cha kila mara na mishipa iliyovimba miguuni wamwone daktari kwanza. Wenye kisukari vilevile, kwa kuwa ganzi ya miguu na mapaja yaweza kuwazuia kuhisi kwamba wanaumia.

Kuitunza

Ifue kila baada ya kuivaa, kwa mkono, maji baridi na sabuni laini. Jasho lililokaukia kwenye kitambaa huleta vipele na fangasi kwenye mikunjo ya mwili. Usitie dawa ya kung'arisha, usiikamue kwa kuipinda, usiipige pasi. Ianike kivulini, maana jua letu huua uzi ule wa kunyumbuka. Ikishaanza kulegea na kushuka, imekwisha muda wake.

Neno kwa wenye mabinti

Siku hizi naletewa wasichana wa shule na mama zao, ati wafungwe mkanda ili kiuno kiwe chembamba kama cha mtu fulani aliyeonekana kwenye simu. Wasichana hao bado wanakua. Mimi huwapima, nikawashonea gauni linalowakaa, nikawarudisha. Fundi anayejua kazi hukata kitambaa kifuate mwili. Penzi kwenye kiuno, mshono ulionyooka, shingo iliyokatwa vizuri, hivyo vinapendeza bila kumtoa mtu machozi. Binti akizoea tangu mdogo kwamba mwili wake ndio wenye kosa, hakuna saizi itakayomridhisha akiwa mkubwa.

Anayetaka kuivaa kwa usiku mmoja, aivae kwa raha zake. Ila aende na inchi zake za kweli, na akirudi aweze kusema alikula, alikunywa, alicheka na alicheza.