Sala na Kazi za Kila Siku



Je, sala ni ya Dominika tu? La. Asubuhi, kabla ya kushika jembe, twamtolea Mungu kazi yetu. Saa sita mchana twasimama kidogo shambani kwa sala ya Malaika wa Bwana. Jioni baba na mama husali pamoja na watoto. Hivyo siku nzima huwa mali ya Mungu.

Lakini mdomo ukisali, mikono nayo iitikie. Anayesali Baba Yetu, kisha akapunja kipimo cha mchele sokoni, ajidanganya mwenyewe.

Tena sala hiyo yatudai msamaha. Sisi wa Katogota twajua uzito wake: Dominika, tarehe 14 Mei 2000, ndugu zetu wengi waliuawa hapa na askari. Kusamehe si kuwasahau wafu wetu, wala si kuikataa haki. Ni kumwachia Mungu kisasi, tusiwarithishe watoto chuki. Moyo ukikataa, tusiache kusali. Tuombe kwanza nguvu ya kusamehe.

Jioni ya leo, kila nyumba iwataje marehemu wake, kisha isali Baba Yetu polepole.