Plau Kuukuu Haifufuliwi kwa Rangi

Kitui na Makueni, mvua ya kutegemewa zaidi ni ya Oktoba hadi Desemba. Plau ya ng'ombe ikikwama wiki moja tu, shamba limeshachelewa. Kwa hiyo plau kuukuu ipelekwe kwa fundi wa jua kali mapema.

Sisi wa pwani twaijua kutu: kuipaka rangi juu ni kumvisha mgonjwa kanzu ya Idi. Chuma kisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka king'ae, nyufa zichomelewe, bolti zilizolika zibadilishwe. Ndipo ije rangi ya kuzuia kutu, kisha ya mafuta.

Lakini lile bamba linalopindua udongo lisipakwe rangi kamwe. Udongo utanata, ng'ombe wachoke bure. Msimu ukiisha, lisafishwe na kupakwa grisi.