Wapagazi Wetu Wamelala Wapi?

Ndugu msikilizaji, ukiulizwa Kariakoo ni nini, utajibu bila kufikiri kwamba ni soko. Mkazi wa Dar es Salaam atakutajia hata duka analonunua vitenge. Wa Nairobi atakwambia kwamba nao wanayo Kariokor yao. Lakini ukiulizwa jina lenyewe limetoka wapi, hapo wengi tunakwama.

Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wetu walilisikia kwa Kiingereza, wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Pale Dar es Salaam sokoni, kabla ya nyanya na vitunguu, palikuwa na kambi ya watu waliokusanywa ili wabebe mizigo ya vita. Leo naomba tuwazungumze watu hao, kwa sababu mmoja wao ni wa nyumbani kwetu, na mimi nimemtafuta kwa pikipiki kiasi cha kilomita mia nane.

Kwetu ni Wingwi, kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Pemba. Hapo nina ami yangu, mzee aliyepita miaka themanini. Kila nikienda kumwamkia, mazungumzo yake huishia pahala pamoja: kaka wa marehemu babu yangu, ambaye alichukuliwa zama za vita vya Mjarumani, akapandishwa chombo, na habari zake zikaishia hapo. Haikuja barua wala haukuja mshahara. Hakurudi mtu wa kusema nimemwona akifa.

Msikilizaji usidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Mke wake alikaa miaka akiwa si mke wala si mjane, maana hapakuwa na shahidi wa kifo. Mikarafuu yake haikugawiwa, kwani nani atarithi mali ya mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa? Hata hitima alikuja kusomewa kwa kukisia. Ami ananiambia kwamba baba yake alikufa akiwa na jambo hilo moyoni.

Mwaka 2023 nilipokwenda kumuaga, akanishika mkono. "Mwanangu, wewe wajua kusoma. Nasikia huko bara wazungu wamewajengea makaburi watu wao wa vita ile. Nenda kaangalie kama wamemwandika."

Basi nikavuka kwa boti hadi Tanga, nikaazima pikipiki kwa ndugu zetu wa huko, nikabeba kadi, bima na barua ya mwenye chombo kwa ajili ya mpakani. Nilikwenda peke yangu. Mkeo na marafiki watakwambia una kichaa, lakini mtu akienda peke yake hupata nafasi ya kusimama anapotaka na kuuliza anachotaka.

Nilianzia Tanga yenyewe. Novemba 1914 Waingereza walileta kwa meli jeshi la watu karibu 8,000, wengi wao Wahindi, wakashuka Ras Kasone wakidhani mji utaanguka kwa siku moja. Jeshi la Mjerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa na watu kiasi cha 1,000 tu. Waingereza walishindwa vibaya, na hata nyuki waliotimuliwa mizingani mwao waliingia vitani. Tarehe 5 waliondoka wakaacha bunduki na maiti. Makaburi na ukumbusho wao upo mjini humo, umetunzwa. Nilisoma majina taratibu, mstari baada ya mstari. Jina nililolifuata sikulikuta.

Kutoka Tanga nilishika njia ya Korogwe, Mombo na Same, milima ya Usambara na Pare ikiwa kulia kwangu, mkonge ukiwa huku na huku. Njia hiyo inafuatana na reli ya zamani aliyoijenga Mjerumani kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Ng'ambo ya mpaka Mwingereza naye alikuwa na reli yake kutoka Mombasa kwenda Uganda, ikipita Voi. Ukiielewa ramani ya reli hizo mbili, umeielewa vita yote ya mwanzo. Kila mmoja alitaka kuikata reli ya mwenzake. Ndiyo maana Agosti 15, 1914 Wajerumani wakaiteka Taveta, mji mdogo ulioko katika pengo kati ya Kilimanjaro na Pare, wakakaa hapo hadi Machi 1916.

Nilivuka mpaka Holili nikaingia Taveta. Hapo nako kuna makaburi ya jeshi, mawe meupe yamepangwa kama askari walio gwaride. Ukienda mbele kidogo unaiona Salaita, kilima kisichotisha hata kidogo. Lakini Februari 12, 1916 askari weupe wa Afrika Kusini waliokuwa wageni wa vita hii walikishambulia kilima hicho wakarudishwa mbio, na waliowaokoa walikuwa Wabaluchi wa jeshi la Uhindi, watu ambao wao wenyewe walikuwa wakiwaita makuli. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliwarudishia silaha walizozitupa, na ujumbe juu yake kwamba kuanzia leo neno kuli likome.

Karibu na Maktau nikapata pancha. Nilikaa chini ya mti saa nzima nikimngoja kijana mmoja aliyekwenda kuniitia fundi. Jua la Taita si mchezo. Mkoba wangu haukuzidi kilo kumi, na nilikuwa nimeketi juu ya pikipiki muda wote, lakini nilihisi mabega yanawaka. Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria babu yangu barabara.

Kwa nini vita ile ilihitaji wapagazi? Reli zilikuwa na mwisho wake. Majeshi yalipoiacha reli, Mjerumani akirudi nyuma kuelekea Rufiji, kisha Ruvuma, kisha Msumbiji, na Mwingereza akimfuata, hapakuwa na barabara ya magari. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Akabaki binadamu. Risasi, unga, mahema, dawa, hata meza ya ofisa ya kulia chakula, vyote vilipita juu ya kichwa cha mtu. Mzigo ulikuwa ratili hamsini na zaidi, na aliyebeba chakula cha askari naye alihitaji mwingine wa kumbebea chakula chake.

Waingereza peke yao waliwachukua wapagazi zaidi ya milioni moja kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland, Kongo na kwingineko. Visiwa vyetu havikusalimika. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Unguja aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Zanzibar. Wajerumani nao waliwakamata wa kwao bila hesabu, na mara nyingi bila malipo.

Na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa baridi ya kifua. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wasipewe muda wala vyombo vya kuupika ukaiva, na watu waliozoea ndizi au muhogo matumbo yao yakashindwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza hawapungui 95,000. Vita iliendelea hadi Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, Novemba 25, 1918.

Basi, msikilizaji, hao 95,000 wamelala wapi? Jibu nililipata Voi.

Makaburi ya vita ya Voi yamezungushiwa ua. Ndani ni usafi mtupu. Kila mtu ana jiwe lake, jina lake, kikosi chake na tarehe yake ya kufa. Nje ya ua ni majani na vichaka. Mwaka 2019 filamu ya televisheni ya mbunge wa Uingereza David Lammy iliwaonyesha watu wa kwao kwamba katika ardhi ile ya nje walizikwa Waafrika, bila jiwe wala jina. Haikuwa bahati mbaya. Baada ya vita, wakubwa waliohusika na makaburi waliamua kwamba ya Waafrika yaachwe yamezwe na pori, na kwamba mnara mmoja wa jumla unawatosha.

Filamu ile iliwasha moto. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kule Thailand, katika mji wa Kanchanaburi, kuna makaburi mashuhuri ya mateka wa Vita Kuu ya Pili waliojengeshwa na Wajapani reli ya kilomita 415 kwenda Burma, mwaka 1942 na 1943. Watalii hupanda pikipiki kwenda kuyaona. Karibu mateka 7,000 wamezikwa pale, kila mmoja na kibao chake. Lakini vibarua wa Kiasia waliokufa kwenye reli hiyo hiyo, Watamili, Wamalaya, Waburma na Wajava, wanakisiwa kufika 90,000, na wengi wao hawana hata kibao. Kumbe kanuni ni moja kila mahali. Anayekumbukwa ni yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye karatasi kabla hajafa. Kibarua huhesabiwa kwa idadi, kama magunia.

Kutoka Voi niliteremka hadi Mombasa. Kando ya barabara ya Jomo Kenyatta pana ukumbusho wa askari wa Kiafrika wa vita ile, uliowekwa mwaka 1927, mwaka ule ule wa Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Wewe wa Dar unaipita ya kwenu kila siku ukiwa ndani ya daladala. Siku moja shuka uyasome maandishi yake, ya Kiswahili na Kiingereza. Yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanasema pia kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watayakumbuka majina yao. Nilizunguka ukumbusho wote kutafuta hayo majina. Hakuna hata moja.

Nikavuka kivuko cha Likoni, nikapita Lungalunga na Horohoro, nikarudi Tanga na kurudisha pikipiki ya watu. Kisha nikapanda boti.

Ami alikuwa barazani nilipofika Wingwi. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanyamaza. Hakuuliza. Mimi ndiye niliyesema, "Ami, hawakumwandika." Akatikisa kichwa kama mtu aliyelijua jibu zamani. Kisha akasema, "Basi mwandike wewe."

Nikachukua daftari la mmoja wa watoto. Akanitajia jina, la baba na la babu, mtaa waliokaa, mke aliyemwacha, na shamba la mikarafuu lilikokuwa. Alipomaliza akaniambia ningoje, kwani hakuwa peke yake. Akanitajia wengine watatu wa vijiji vya jirani waliochukuliwa siku zile zile. Mmoja alirudi, akafa uzeeni. Wawili hawakurudi. Majina hayo matatu sikupata kuyasikia maisha yangu yote, na nimezaliwa hapo hapo.

Ndugu msikilizaji, tumezoea kulalamika kwamba mkoloni hakutuandika. Ni kweli, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini tangu mkoloni aondoke, sisi tumewaandika wangapi? Kazi hii inawezekana. Januari 2025 huko Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wa vibarua weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita ile ile, na kila mmoja amewekewa jina lake. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita, na bado majina yalipatikana, kwa sababu yapo mahali yalipokuwa yameandikwa.

Ya kwetu mengi yameandikwa katika vichwa vya wazee, na karatasi hiyo haidumu. Kwa hiyo nakuomba, wewe mwenye babu au bibi aliye hai, ukienda nyumbani sikukuu hii nenda na daftari. Uliza nani alichukuliwa, mwaka gani, kutoka mtaa gani, na nani aliyerudi. Andika nakala mbili. Moja ibaki nyumbani, nyingine ipeleke kwenye nyaraka, na sisi wa visiwani tunayo Nyumba ya Nyaraka pale Kilimani, Unguja. Siku watu wa makaburi watakapokuja kuuliza majina, tusije tukawajibu kwa idadi.

Ami yangu bado yu hai, alhamdulillahi. Daftari lake limefika ukurasa wa nne.

Kwa leo nakomea hapo. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.